Maziwa ya Alfajiri na Kichupa cha Dawa ya Kikohozi

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu husema siku niliyozaliwa nililia kidogo tu, kisha nikanyamaza nikamkagua mkunga kuanzia miguuni mpaka kichwani. Lakini kilichonikomaza ni shule ya jioni. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne. Mchana nabeba zege kwenye majengo yanayochipua pale Dodoma mjini, jioni nakaa kwenye kidawati cha mtoto, magoti yananigusa masikio, namsikiliza mwalimu wa fizikia akisema, "Usiamini jicho. Pima." Neno lile nililishika kama mlevi anavyoishika nguzo ya umeme.

Matokeo yalipotoka, fizikia niliipasua hata mimi mwenyewe nikashuku kwamba wamekosea namba. Kamati ya shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Bahi ikasikia kuna fundi zege anayejua sayansi, na wao hawakuwa na mwalimu wa somo hilo. Nikapokelewa kama mwalimu wa kujitolea. Siku ya kwanza nikaketi ofisini na walimu wenzangu, nikamiminiwa chai, na papo hapo nikapata mtuhumiwa.

Chai ile ilikuwa na maziwa ya kusimuliwa tu. Ukiinua kikombe kwenye mwanga, unamwona mtu aliyekaa ng'ambo ya meza na unaweza kumhesabu kope.

"Haya maziwa yanatoka wapi?" niliuliza.

"Kwa mzee wa baiskeli," akajibu mwalimu mkuu, mama mmoja mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto alale. "Anakusanya kwenye mazizi ya mbali. Ya uji wa watoto wa awali yanatoka kwa mama hapo jirani, binti yake yuko darasa lako la sita. Kunywa, mwalimu, itapoa."

Nikanywa, lakini jicho langu lilikuwa njiani, namngoja mzee na baiskeli yake.

Sasa, shule yetu haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati moja, na ndani ya kabati mlikuwa na ufunguo wa kabati jingine lililokwisha kuliwa na mchwa. Kwa hiyo somo la densiti, yaani kwa nini kitu fulani kinaelea na kingine kinazama, nililifundisha kwa takataka. Niliwaambia darasa la sita walete vichupa vitupu vya dawa ya kikohozi. Tukavisuuza, tukatia misumari michache ndani ili kila kichupa kisimame wima kikielea. Tukatoboa kifuniko, tukapachika mrija wa soda, tukaziba kwa nta ya mshumaa. Hapo una kipimo. Ukikitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kinazama mpaka mrija unabaki ncha tu. Ukikitumbukiza kwenye maziwa, ambayo ni mazito kuliko maji, kinanyanyuka na mrija unachomoza nje kama shingo ya mbuni.

Watoto walishangilia mpaka mabati yakatikisika. Hapana, yaling'oka misumari miwili, niliiona.

"Mwalimu, tukipima soda?"

"Mwalimu, tumtumbukize huyu, maana amenenepa likizo!"

"Mwalimu, na chai ya ofisini?"

Huyu wa mwisho nilimpenda kuliko wote.

Kuweka alama tulihitaji maziwa tusiyoyatilia shaka. Yule binti wa mama jirani, msichana mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa, akaleta lita mbili za kwao, zilizokamuliwa jioni iliyotangulia na kulazwa ndani ya beseni la maji ili zisiharibike. Tukaweka alama pale mrija ulipokutana na maziwa, tukaweka nyingine pale ulipokutana na maji matupu, tukagawa katikati vipande kumi. Kila kipande kinachozama, kikombe kimoja kati ya kumi ni maji. Hesabu safi. Nilijiona kama hakimu aliyepewa joho.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele, nikalipanga darasa zima kibarazani. Mzee wa baiskeli akafika na madumu yake, kofia imemkaa upande.

"Shikamoo, babu!" watoto wakaimba.

"Marahaba, marahaba. Kuna nini, mgeni wa serikali?"

"Tunapima maziwa, mzee," nikamwambia, nikijitahidi nisichekelee. "Ni ya lini haya?"

"Ya leo hii! Ya alfajiri! Ng'ombe bado wanapiga miayo."

Nikatumbukiza kichupa. Nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kusikitika. Kichupa kikacheza, kikatulia, na mrija ukasimama barabara kwenye alama ya maziwa halisi. Hata unywele haukupungua. Nilikipiga ukucha nikidhani kimenasa. Hakikunasa. Mzee akajifuta jasho, akamimina ya walimu, akaondoka anapiga mluzi. Kumbe chai yetu ilikuwa nyepesi kwa sababu ya mpishi tu, mkono wake ulikuwa mzito kwenye maji.

Akafuata binti na ndoo ya mama yake, ile ya uji wa watoto wa awali. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na bado ilikuwa na povu. Nikapima kwa mazoea tu, nikiwa tayari nimeanza kuwaambia waingie darasani.

Kichupa kikazama. Kikapita kipande cha kwanza, kikaenda zaidi kidogo.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nilikuwa na chupa na hadhira. Nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Haya, hapa zaidi ya kikombe kimoja kati ya kumi ni maji."

Watoto arobaini wakageuka kumtazama yule binti. Yeye aliitazama ndoo, akaivuta kwake kama mtu anayevuta nguo iliyopeperushwa na upepo, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, ambako tangu mwaka uanze walikuwa wanakaa wale wasiotaka kuonekana.

Kufikia saa sita kijiji chote kilikuwa kinajua. Kufikia jioni nadhani na samaki wa kwenye madimbwi ya Bahi walikuwa wanajua. Na neno likaota meno njiani, maana watu walifikiri hivi: maziwa ya kuweka alama yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa mazuri. Basi ya mtihani analeta mazima, ya kuuza analeta ya kisimani. Huo si usahaulifu, ni mpango.

Na watoto walikuwa na vichupa! Kila nyumba ikapata mkaguzi wake. Baba mmoja alipima maziwa aliyoletewa na mama mkwe wake, wakaacha kusalimiana. Mama ntilie mmoja alipimiwa mchuzi. Vichupa vikaadimika hata muuguzi wa zahanati akasema hajawahi kuona kijiji kinakohoa namna ile wakati wa kiangazi. Mwalimu mkuu, kwa sauti yake ile ya kubembeleza, akatuma ujumbe kwamba maziwa ya uji yasimame kwanza.

Siku ya pili yule mama akaja mwenyewe. Nilimtarajia mtu wa makelele. Alikuwa mwembamba, khanga imefungwa imara kiunoni, na alikataa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umenipima."

"Si mimi, mama, ni kile kipimo."

"Kipimo kina mdomo?"

"Hapana."

"Nani alisema maji?"

"Mimi."

"Basi ni wewe." Akakaza fundo la khanga. "Mwalimu, mimi sina duka, sina shamba la zabibu kama watu wa Hombolo. Nina ng'ombe wanne na jina langu. Nyumba kumi na moja zinachukua maziwa kwangu. Leo zimechukua nne. Na mwanangu amerudi nyumbani akanusa ndoo, ananusa nini sijui, labda ananinusa mimi. Kesho uje. Uje na chupa yako kabla sijawafungulia ndama."

Nilikubali, lakini nikubali na ukweli: nilikwenda nikimshuku. Mwizi anayekualika nyumbani ndiye mwizi wa shahada ya juu.

Nikafika wakati jua halijatokeza. "Mbukwenyi," nikasema, neno langu moja la Kigogo ninaloringia, nikaitikiwa na kila mtu isipokuwa binti, aliyekuwa anafagia bila kuinua uso. Nikaanza ukaguzi. Ndoo nikaipindua, nikaipiga kofi matakoni. Kibuyu nikakitikisa sikioni. Kitambaa nikakikamua. Nikatazama hata angani, maana umande nao ni maji.

"Angalia na chini ya kope zangu," mama akasema. "Labda nimeficha kisima."

Akamfungulia ndama anyonye kidogo maziwa yashuke, akamfunga tena pembeni, akachuchumaa. Mimi nikachuchumaa ng'ambo ya pili, pua yangu hatua moja kutoka kwenye kiwele. Nilizihesabu chuchu. Ziliendelea kuwa nne. Maziwa yakapiga ndoo, chwa, chwa, povu likapanda. Hakuna mkono uliokwenda pengine, naapa. Alipomaliza nikajaza jagi palepale, jagi likanipasha viganja, maana asubuhi za uwanda huu zina baridi ya kukata masikio. Nikatumbukiza kichupa.

Kikazama. Kipande kimoja na zaidi kidogo, vilevile kama kwenye kibaraza cha shule.

Nikamtazama ng'ombe machoni. Naye akanitazama, anatafuna taratibu kama mtu mwenye wakili. Nakiri kwamba kwa muda, mimi msomi wa fizikia, nilimshuku ng'ombe.

"Haya," mama akasema. "Mkamate mwizi wako."

"Mama, sielewi."

"Sasa utakaa hapo mpaka uelewe. Hutoki zizini kwangu na neno nusu nusu."

Akalichukua jagi, akaliweka kivulini ndani ya beseni la maji, maana hakuwa mtu wa kuacha maziwa yaharibike kwa ajili ya ugomvi. Akaenda na shughuli zake. Mimi nikaketi kwenye kigoda kulilinda jagi. Sikupepesa macho. Nzi alipotua ukingoni nilimhoji. Mtoto wa jirani alipita na dumu la maji, nikalikumbatia jagi lote. Jua likapanda, kengele ya shule ikalia kwa mbali bila mimi, na kwa kukosa la kufanya nikatumbukiza kichupa tena.

Mrija ukasimama kwenye alama ya maziwa halisi.

Nilishuku kila kitu. Nilishuku binti amebadilisha jagi nilipopiga chafya. Nilishuku mama ana jagi pacha. Nikakishuku kichupa, nikakitoa, nikakitikisa, nikakirudisha. Palepale. Ndipo nilipolishika jagi kwa mikono miwili kulitazama vizuri, na lilikuwa baridi.

Baridi! Alfajiri lilinipasha viganja.

Jamani. Kitu kikipata joto kinatanuka. Kikitanuka, kikombe kile kile kinabeba kidogo, kwa hiyo kinakuwa chepesi, na kinachoelea ndani yake kinazama zaidi. Swali hilo niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, nikachora na mchoro, nikaupaka na kivuli! Maziwa ya kuweka alama yalikuwa yamelala kwenye beseni usiku kucha. Ya ndoo yalikuwa yametoka kwa ng'ombe sasa hivi, bado yana joto la tumbo lake, yana na povu la hewa juu. Nilikuwa nimempima mama wa watu kwa rula iliyochorwa siku nyingine.

Nikamwita. Nikamweleza nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kosa langu ni kukamua mapema na kuwahi kufika."

"Ndiyo, mama."

"Ningelala njiani, ningekuwa mwaminifu."

"Kwa kipimo changu, ndiyo."

Hakucheka. Alichukua ndoo yake, akaiweka chini tena. "Ulinisema mbele ya watoto arobaini na wao wakanisema mbele ya kijiji. Basi kwa watoto utasema wewe. Na kwa zile nyumba saba utakwenda wewe, mlango kwa mlango, na chupa yako."

Nilianza na darasa. Nikaleta maziwa ya ng'ombe mmoja, nusu ya moto, nusu iliyopozwa, nikawaita wapime wenyewe. Kichupa kikazama huku, kikanyanyuka kule. Kelele. Nikasema, "Mwalimu wenu alikosea. Mama hakutia maji hata tone. Kosa ni langu, si la chupa." Watoto wanapenda mwalimu akikosea kuliko wanavyopenda wali wa sikukuu. Walipiga makofi mpaka nikaanza kushuku shangwe yenyewe.

Kule nyuma mkono mdogo ukanyanyuka. Mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mwalimu," akasema binti, "kama ya mama yalizama kwa sababu ni ya alfajiri, mbona ya babu wa baiskeli hayakuzama? Naye si alisema ni ya alfajiri?"

Darasa likatoa "Haaa!" moja ndefu iliyowatisha kuku wa mwalimu mkuu. Ni kweli. Maziwa ya mzee yalikuwa baridi saa moja asubuhi. Ng'ombe waliokuwa bado wanapiga miayo walikuwa wamekamuliwa jana yake! Nilihisi ile hamu yangu ya zamani inapanda kooni, joho la hakimu linanikaa mabegani lenyewe.

"Mwizi!" akapayuka mmoja wa dirishani.

"Subirini," nikasema, na neno hilo lilinigharimu. "Amesafiri na baiskeli, safari ndefu, na upepo wa huku mnaujua, unaweza kupoza jiko la mkaa. Labda ni ya jana, labda ni upepo. Chupa haijui. Mimi pia sijui."

"Lakini unamshuku, mwalimu?"

"Sana," nikasema. "Lakini kushuku si kupima."

Binti akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikumuuliza ni nini.

Jioni ile nikaanza mzunguko wa nyumba saba, majagi mawili mkononi, moja limefungwa kwa kitenge lisipoe. Nyumba ya kwanza walinipokea vizuri, wakatazama, wakaomba wabakishiwe yale ya moto. Ya pili mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Amekupa lita ngapi?"

"Nani?"

"Wewe si ndiye uliyesema maji? Leo si maji tena. Lita ngapi?"

Nikapima mbele yake mara tatu. Akapima mwenyewe mara ya nne. Akaniangalia viatu, kana kwamba rushwa huwekwa huko. Nyumba ya tatu mzee mmoja alinikatiza kabla sijafungua kitenge: "Juzi ulisema kwa hiyo chupa, tukakuamini. Leo umekuja na hiyo hiyo chupa. Sasa tuiamini ya lini?" Nilimwambia asimwamini mtu, aweke maziwa mwenyewe, apoze mwenyewe, apime mwenyewe. Akasema hilo ndilo jambo la kwanza la maana ambalo shule imewahi kumletea.

Kwa siku mbili nyumba sita zilirudi. Ya saba haikurudi. Baba wa nyumba ile alitazama kichupa kikinyanyuka, akakubali kwamba hakuna maji, akatikisa kichwa hivyo hivyo. "Sawa. Lakini kama hakuwa na kitu, mbona alikasirika sana?" Nilibishana naye mpaka mate yakanikauka. Nilikuwa namjua mtu wa namna ile, nimekaa naye ngozi moja miaka mingi, na najua haponi kwa majagi mawili.

Nilipompelekea mama hesabu, sita kati ya saba, alisema, "Moja imebaki," akaendelea kukata majani.

Jumatatu akaleta maziwa ya uji yeye mwenyewe, binti yuko nyuma yake na daftari. Nilikuwa kibarazani na kichupa, darasa limejipanga. Nikanyoosha mkono kuipokea ndoo.

"Kwanza maji," mama akasema.

"Maji gani, mama?"

"Yenu. Ya shule. Tumbukiza chupa kwenye maji matupu nione kama bado inasimama kwenye alama ya maji. Nta inaweza kubanduka. Msumari unaweza kupata kutu. Na wewe unaweza kuwa umesogeza alama."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Nikatumbukiza. Akainama, akatazama kwa jicho moja, akatazama kwa jicho la pili, akamuuliza binti yake. Binti akasoma kwenye daftari, akasema iko sawa.

"Haya," nikasema, nikaisogelea ndoo.

Akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwa ndoo, akauacha hapo.

"Bado ya moto. Rudi nyuma, mwalimu."

Nikarudi nyuma. Kengele ikalia, hakuna aliyeondoka. Tulisimama pale, mimi na darasa la sita lote, tukimtazama kiganja, mpaka alipoamua.